Mono, poli na ile ya kahawia: sola zangu tatu hapa Tukuyu

Juu ya bati langu, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, kuna paneli za aina tatu. Poli ya wati 100 ndiyo ya zamani. Mono ya wati 100 niliiongeza nilipofungua kibanda cha kunyoa na kuchaji simu. Ya tatu ni kile kipaneli cha kahawia kilichokuja na seti ya taa na redio. Zote ni silikoni, lakini huhitaji fundi kuzitofautisha. Poli ni ya bluu yenye mabaka kama maua ya bati jipya. Mono ni nyeusi tii, na seli zake, vile vipande vinavyotoa umeme, zimekatwa pembe. Ya kahawia haina seli za kuhesabu, ni mistari tu kwenye kioo.

Zile pembe zina sababu. Silikoni ya mono huyeyushwa ikavutwa polepole hadi kuwa gogo la duara, fuwele (kristali) moja tupu, ndiyo maana ikaitwa mono, ndipo linakatwa vipande vyembamba na kupunguzwa kingo ili vipangike. Ya poli humiminwa kwenye kalibu, na ikipoa inaganda fuwele nyingi nyingi, na kwenye mipaka yake umeme kiasi unapotea. Ya kahawia, yaani amofasi, ni utando mwembamba mno uliopakwa kwenye kioo, hauna fuwele kabisa.

Sasa madukani utaambiwa mono "inavuta hata kwenye mawingu". Hapa kwetu mawingu hayaombwi, kwa hiyo nilizipima. Jua la saa sita likiwa kali, mita inasoma ampea tano na ushee kwa mono, na poli inaifuata kwa karibu sana. Ukungu ukishuka kutoka Mlima Rungwe zote mbili zinaanguka chini ya ampea moja, na hakuna ya kuicheka nyenzake. Wati 100 ni wati 100 jamani. Tofauti ni nafasi: mono za siku hizi hugeuza kama asilimia 20 ya mwanga kuwa umeme, poli asilimia 15 hadi 17, kwa hiyo poli yangu imekula bati zaidi kwa umeme uleule.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoniokoa kwenye duka moja mjini. Paneli imeandikwa wati 150, bei tamu, muuzaji anaapa. Nikaomba futi: urefu mita moja, upana nusu mita. Jua kali la utosini linaleta takribani wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, nusu yake ni 500, na asilimia 20 ya hiyo ni 100. Hizo 50 nyingine zinatoka wapi? Nikamrudishia futi yake nikaondoka. Kibandiko kinachapishwa popote, vipimo havidanganyi.

Baridi yetu nayo ni mtaji, ingawa wengi hawaamini. Wati za kwenye kibandiko hupimwa seli ikiwa na nyuzi 25, na kila nyuzi inayozidi hapo inapunguza umeme wa mono au poli kwa kama asilimia 0.4. Bati la Dar likichemka seli zinafika nyuzi 50 na zaidi, piga hesabu mwenyewe. Julai ya huku kwetu, milima ya Uporoto, anga likiwa safi, hasara hiyo ni ndogo. Lakini baridi inaongeza volti zaidi kuliko ampea, na chaji kontrola (kile kifaa kati ya paneli na betri) za bei rahisi, aina ya PWM, haziwezi kuzitumia volti za ziada. Ukitaka faida hiyo tafuta kontrola ya MPPT, aina inayozigeuza volti hizo kuwa ampea. Mimi ningeweka hela huko kabla ya kubishana mono au poli.

Halafu migomba. Seli zimeunganishwa kama mnyororo, moja ikizibwa inawabana wenzake. Jani moja la mgomba wa jirani lilikuwa linapitisha kivuli kwenye seli mbili tu za mono, na mita ikashuka kutoka tano hadi moja na kitu. Tumeelewana, analikata kila likirefuka.

Kile cha kahawia sikipendekezi zaidi ya taa na redio. Amofasi ndogo kama hizi hugeuza asilimia 6 hadi 8 tu ya mwanga kuwa umeme, na miezi ya mwanzo ya jua inazipunguza nguvu zaidi. Jambo hilo lilielezwa na watafiti Staebler na Wronski mwaka 1977. Sifa yake ni kuvumilia joto, na joto hapa tunalisikia tu kwenye redio hiyohiyo.

Paneli mpya utakazokuta sasa karibu zote ni mono, viwanda vingi vimeachana na poli. Poli iliyotumika, kama una eneo shambani na bei inaeleweka, chukua bila aibu, ila ipime juani kabla hujatoa hela. Mimi nikiongeza nitachukua mono, kwa kuwa upande wa bati unaotazama kaskazini umebakiza nafasi ya moja tu.