TAHADHARI: "Seti ya kuanzia" ya helmeti za Waingereza za wakati wa vita

Kwa mnaoanza kukusanya helmeti za Uingereza za Vita Kuu ya Pili: kuna aina ya tangazo linalorudi kila mara, helmeti tatu kwa bei moja, "seti ya kuanzia, zote halisi". Moja ya jeshi, Mk II (yaani toleo la pili). Moja ya mlinzi wa mashambulizi ya anga, yenye herufi W. Ya tatu "ya D-Day", yaani ya siku majeshi yalipotua Normandy, Ufaransa, Juni 1944. Picha ni zilezile, linalobadilika ni jina la akaunti. Usitume hela kabla hujaletewa picha tunazozitaja hapa. Muuzaji akisema hana muda wa kuzipiga, umeshajibiwa.

Ujanja wenyewe ni mwepesi. Bakuli la chuma mara nyingi ni la kweli, maana Mk II zilitengenezwa kwa mamilioni na hazijaadimika. Kinachopandisha bei ni rangi na herufi, na hivyo ndivyo rahisi kughushi: kopo la rangi, stensili na siku moja juani.

Anza na herufi W. Omba picha ya karibu, mwanga ukipiga kwa ubavu. Helmeti ya zamani ina mikwaruzo, na kwenye herufi ya kweli mkwaruzo unaikata rangi: unaona nyeupe, chini yake nyeusi, kisha chuma. Ukikuta rangi nyeupe imeteremka ikajaa ndani ya mkwaruzo, basi herufi ni changa kuliko mkwaruzo. Hapo hakuna mjadala tena.

Angalia pia hadithi inayouzwa pamoja na helmeti. "NFS, zimamoto wa London, 1940" ni uongo wa moja kwa moja. Kikosi cha NFS (zimamoto wa taifa) kilianzishwa Agosti 1941, wakati mashambulizi makubwa ya London yalikuwa yamekwisha tangu Mei. Waliozima mioto ya 1940 kwa kujitolea walikuwa AFS (zimamoto wasaidizi). Helmeti ya 1940 kupakwa NFS baadaye ni jambo la kawaida kabisa, ila mwenye kuijua ataiuza hivyo, na rangi ya awali itaonekana chini. Hali kadhalika "KAR, Burma 1944", KAR ikiwa King's African Rifles. Askari wa Afrika Mashariki walipigana Burma kweli, lakini herufi tatu zilizopakwa ubavuni bila karatasi yoyote ya mwenye mali hazina thamani hata ya brashi iliyozipaka.

Hiyo "ya D-Day" ndiyo inayoliza wengi. Mk III, ile yenye umbo la gamba la kobe, ilianza kutengenezwa mwishoni mwa 1943 na ikaonekana vitani Juni 1944. Mk IV ilifuata 1945, na kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Tazama ribiti za mkanda wa kidevuni: kwenye Mk III ziko juu zaidi ubavuni, kwenye Mk IV zimeshushwa karibu na ukingo ili bakuli liweze kubeba maji bitana ikitolewa. Bitana ya Mk III imefungwa utosini kwa skrubu. Ya Mk IV inabanwa kwa kifungo cha kubonyeza. Ribiti za chini maana yake helmeti haikukanyaga Normandy, hata ikipakwa tope la wapi.

Ndani ndiko wanakochoka. Bitana ya Mk II ina mhuri wa mtengenezaji, saizi na mwaka. Kwenye bakuli lenyewe tafuta chapa ya kiwanda kama BMB au HBH, na mwaka. Mwaka wa bitana na wa bakuli usipolingana si kosa, kwani bitana zilibadilishwa jeshini. Ila mwaka wa bitana ukivuka 1945, seti "ya vita" imekufa. Skrubu ya utosini iwe ya mfereji mmoja. Ya nyota imetiwa juzi. Raba ya msalaba wa ndani kwa umri huu huwa imekauka na kupasuka, kwa hiyo ukibonyeza ikarudi kama sponji, jiulize. Mkanda upitishe chini ya ile taa ya dukani ya kukagulia noti: uzi wa kisasa hung'aa buluu-nyeupe. Tahadhari, mkanda wa zamani uliofuliwa kwa sabuni ya unga nao utang'aa, kwa hiyo hicho ni kidokezo tu. Kutu ya siki na chumvi ni ya rangi ya chungwa na inabaki kidoleni. Ya zamani ni kahawia iliyokolea na imeng'ang'ania.

Matundu yasikuchanganye. Matundu mawili hadi manne ukingoni ni alama ya chuma kisichofikia kiwango cha mstari wa mbele, kilichopewa raia. Matundu matatu yaliyojipanga nyuma ya ukingo ni ya Afrika Kusini, ya kuning'iniza kitambaa cha shingoni. Yenye matundu ya kupitishia kamba ya bitana kuzunguka ukingo, na utosi mrefu, ni ya raia walinda moto, iliyobuniwa na mwanasayansi Solly Zuckerman. Muuzaji atakuambia ni ya kikosi maalumu. Si kweli, na haistahili bei hiyo.

Malipo: anayesisitiza umtumie "kama rafiki" au moja kwa moja benki anakukwepesha kinga ya mnunuzi. Taka picha ya helmeti ikiwa imegeuzwa, kando yake karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako kwa mkono.

Na muuzaji akikuongezea Brodie, helmeti ya chuma ya Waingereza ya Vita Kuu ya Kwanza, "kama zawadi", usiikung'ute wala usiipigie brashi. Bitana nyingi za helmeti hizo zimekutwa na asbesto. Iweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na usimvalishe mtoto kwa ajili ya picha.