Kipimo cha presha cha nyumbani: mwaka mmoja na mashine ya mama

Mama alipogunduliwa kuwa na shinikizo la juu la damu, daktari wake alituomba tumpime nyumbani asubuhi na jioni, kwa kuwa kipimo kimoja cha kliniki, baada ya msukosuko wa daladala na foleni, hakitoshi kueleza hali ya mtu. Tukanunua mashine ya kidijitali ya kufunga mkono wa juu kwa shilingi 95,000. Baada ya mwaka mzima naona imestahili bei yake, ingawa mwezi wa kwanza ilitupotosha.

Tatizo lilikuwa mkanda. Ule uliomo kwenye boksi umeandikwa sentimita 22 hadi 32, na muuzaji alituhakikishia kwamba unamfaa kila mtu. Nilipouzungushia mkono wa mama tepu ya fundi cherehani, katikati ya bega na kiwiko, nilipata sentimita 36. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huhitaji upepo mwingi zaidi ili kuubana mshipa, na kwa sababu hiyo namba husoma juu kuliko hali halisi. Siku tulipoleta mkanda mkubwa tulipima kwa yote miwili: mdogo ulitoa 168 kwa 96 (namba ya kwanza ni moyo unaposukuma damu, ya pili unapopumzika), mkubwa 152 kwa 90. Kumbe sehemu ya hofu iliyotukosesha usingizi ilitokana na kitambaa tu.

Ukaaji nao una uzito wake. Mama huketi kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, akapumzika dakika 5. Kahawa haigusi nusu saa kabla. Hapo mwanzo alikuwa akiuliza katikati ya kipimo, “Mwanangu, mbona imekaza hivi?”, nami nikimjibu, “Vumilia mama, tusiongee kwanza,” kwa sababu kuzungumza peke yake hupandisha presha.

Namba hizo, tulizoziandika kwenye daftari, ndizo zilizobadilisha jiko letu. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyojificha ndani ya vyakula. Kwetu ilijificha kwenye papa mkavu na vidonge vya kuungia mchuzi. Sasa mama anaunga kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, na jioni anatembea nusu saa, siku tano kwa wiki. Wastani wake umeshuka hadi 138 kwa 84 katika miezi mitano, huku akiendelea na dawa zake kama alivyoandikiwa. Namba ya kwanza bado iko juu kidogo ya mpaka wa 135 kwa 85, unaotumika kwa vipimo vya nyumbani badala ya 140 kwa 90 wa kliniki.

Kasoro zipo. Kioo hakina taa, na kumbukumbu inachanganya vipimo vya baba na vya mama, ndiyo maana daftari halijastaafu. Mashine za kufunga kifundo cha mkono sizipendekezi, kwani mkono ukishuka kidogo chini ya moyo namba hupanda. Mkanda mkubwa mara nyingi huuzwa peke yake, kwa hiyo pima mkono wa mgonjwa nyumbani, uende dukani na sentimita zake zimeandikwa.