Fiziotherapia ya kiwiko cha mtoto: kazi nzuri, foleni mbaya

Kwa mzazi mwenye haraka, jibu ni hili: nenda, ila usiende ukitegemea mtoto avutwe mkono mpaka unyooke. Ukienda na wazo hilo utarudi umenuna kama mama mkwe wangu.

Nazungumzia kitengo cha fiziotherapia cha hospitali moja ya serikali hapa Dar. Mwanangu ana miaka sita. Alikuwa juu ya ukuta wa jirani anafuata mapera, akateleza, akatanguliza kiganja. Ukavunjika mfupa wa mkono juu kidogo ya kiwiko, na kwa watoto wa umri wake hapo ndipo kiwiko huvunjika zaidi. Akawekewa pini, akafungwa hogo. Pini zilipotolewa wiki ya nne, mfupa ulikuwa umeshaunga lakini mkono umekakamaa. Kijiko hakifiki mdomoni.

Chumba chenyewe ni kidogo na feni ni moja. Wazee waliopata kiharusi wanajifunza kutembea katikati ya vyuma viwili, watoto wamepewa kona yenye mkeka. Aliyetupokea ni binti mdogo tu, sauti ya chini. Hakumshika mtoto kwanza. Alichukua kipimo cha plastiki chenye mikono miwili inayozunguka kwenye msumari, wanakiita goniometa, akapima mkono mzima, halafu ule mbovu. Mkono ulionyooka kabisa husoma sifuri, uliokunjwa mpaka mwisho husoma nyuzi 140 na zaidi kidogo. Wa mwanangu ulianzia 45 ukagomea 95. Akaandika kwenye daftari, na kila tuliporudi alianza na kupima. Mimi ni seremala, kazi isiyopimwa siilipii, kwa hiyo hapo alinipata.

Baada ya hapo, michezo. Vifuniko vya soda vimetawanywa mkekani, beseni limewekwa juu ya stuli, okota, tupia. Shika sikio. Shika bega. Mpigie babu simu. Futa ukuta na kitambaa, panda juu, juu zaidi. Mtoto anacheka, na mkono unakunjika na kunyooka kwa nguvu zake mwenyewe. Nyumbani tukaagizwa akande unga wa chapati na amsaidie mama yake kuanika nguo.

Mama mkwe alivumilia, kisha akauliza, "Mwanangu, sasa mkono utanyooshwa lini? Sisi tulikandwa maji ya moto, tukachuliwa, tukapona."

"Ni kweli, bibi," yule binti akamjibu, "lakini kiwiko usikichue, wala asivutwe, wala asining'inizwe ndoo." Akaeleza vizuri kuliko nilivyowahi kuelezwa hospitali yoyote. Misuli iliyo mbele ya kiwiko huwa imeumia pamoja na mfupa. Ukiivuta kwa nguvu inachanika upya, damu inavujia ndani, na mwili unaweza kujenga mfupa mahali pasipotakiwa mfupa, katikati ya msuli. Hapo mkono unafunga kwelikweli. Tena mtoto akiumizwa anakaza, kwa hiyo unashindana na misuli yake mwenyewe. Bibi alinyamaza, ila mafuta ya nazi aliyokuja nayo hakuyatoa kwenye mkoba.

Kingine kilichonifurahisha ni ukweli wao. Niliambiwa waziwazi kwamba watoto wengi waliovunjika hivi hurudisha sehemu kubwa ya mkono ndani ya miezi michache kwa kucheza tu, na kwamba kunyooka ndiko huja mwisho, pengine mpaka mwaka ukatike. "Msije kila siku, njooni nipime." Kabla ya hapo kliniki moja ya binafsi ilinipigia hesabu ya mashine ya umeme na ya joto, pesa yote mbele, na ahadi ya mkono ulionyooka ndani ya wiki mbili. Niliaga kwa heshima.

Sasa lawama. Unaandikiwa saa mbili asubuhi, unaonwa saa tano, na mtoto amekosa shule. Dirisha la malipo liko jengo jingine kabisa. Karatasi ya mazoezi ni kopi ya kopi, na aliyechorwa ni mtu mzima mwenye goti bovu. Kulipa elfu kumi kila ukienda si haba kwa mtu wa Mbagala, ingawa kule binafsi ni mara nne yake.

Mkono sasa unakunjika mpaka 135, kunyooka bado nyuzi kumi hivi. Anakula mwenyewe, anaandika, anavaa shati bila msaada. Nawapa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye foleni.

Ukienda, beba kadi na picha zote za eksirei, ile ya kwanza na ya baada ya pini. Ila mtoto ambaye vidole vimekufa ganzi, vimepauka, au anapiga kelele ukivinyoosha, huyo usimpeleke kwenye mazoezi. Mkimbize mapokezi ya dharura saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hasa akiwa bado ndani ya hogo. Na mpira njoo nao; wa kwao umeisha upepo.