Filta ya polaraiza kwa picha za Ghuba ya Tanga: itoe mkobani saa sita mchana

Ni filta ya duara, kioo cha kufunga mbele ya lenzi chenye pete ya kuzungusha ili kukata mng'ao na utusitusi, kipenyo milimita 67, niliinunua mjini hapa kwa shilingi 45,000 na nimekuwa nayo tangu kaskazi ianze. Nilichokuwa nakitafuta ni picha moja: maji mbele, kisiwa cha Toten katikati, na Usambara nyuma ikiwa safi, si kivuli cha kijivu.

Asubuhi haisaidii, nalisema mapema. Ukisimama Raskazone, rasi iliyo mashariki mwa mji, ukatazama magharibi, jua liko mgongoni, na filta hii inataka jua liwe ubavuni, nyuzi 90 kutoka unakoelekeza lenzi. Utazungusha pete mpaka uchoke, anga ni lile lile, na umeshapoteza mwanga stopu moja hadi mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu). Mashuani, kwenye mawimbi, mwanga huo unauhitaji sana.

Mafunzo mengi tunayofuata yametoka kwa watu wa kaskazini. Wanaopiga picha za hori za Uskoti, mikono ya bahari iliyozungukwa na milima, kama Loch Duich, wanahimiza alfajiri na jioni, na kwao ni sawa: hata Juni jua la adhuhuri huko hufika kama nyuzi 56 tu. Sisi tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linatusimamia utosini, kwa hiyo popote utakapotazama kwenye upeo, jua liko ubavuni mwako.

Hapo ndipo filta iliporudisha pesa yangu. Tumetia nanga, saa sita imepita kidogo, nikazungusha pete taratibu. Ule utusitusi wa buluu mbele ya milima ukapungua, makunyanzi ya mabonde yakajitokeza moja baada ya jingine, msitu ukarudi kuwa kijani. Nikainamisha kamera kidogo: mng'ao juu ya maji umeondoka, nyasi za chini zinaonekana. Nilimwonyesha nahodha kioo cha kamera. "Mwanangu," akasema, "hii si Usambara ya baada ya mvua?" Ndiyo hasa, mzee wangu, na mvua hatujaiona wiki nzima.

Angalieni maji lakini. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yanakupwa saa nne, saa tano asubuhi, na mchana huo utapiga tope na ngalawa zilizolala ubavu. Nenda siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu.

Kasoro yake ni pete ya mbele. Chumvi ikiingia inakwama, na ukiilazimisha filta nzima inafunguka kutoka kwenye lenzi, juu ya maji! Ioshe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kila ukirudi, uikaushe kwa kitambaa laini. Na kama una lenzi za vipimo tofauti, nunua ya ile kubwa kuliko zote, ndogo uziwekee pete za kuunganishia. Moja inatosha.