270toWin kwenye mizani: je, Sanders angemshinda Trump mwaka 2016?

Mabishano ya "lau chama kingemsimamisha fulani" hayaishi katika siasa za Marekani, na kwa kawaida hushinda mwenye sauti kubwa. Uzuri wa tovuti ya 270toWin ni kwamba huyashusha mabishano hayo kwenye hesabu. Unafungua ramani bila malipo, unagusa jimbo, rangi inageuka kati ya bluu ya Democratic na nyekundu ya Republican, na jumla ya kura za wajumbe wanaomchagua rais kwa niaba ya majimbo, ambazo zote ni 538, inajirekebisha papo hapo mpaka mmoja afikishe 270, yaani wingi unaompa ushindi.

Niliipima kwa swali la mwaka 2016: ingekuwaje iwapo chama cha Democratic kingemteua Bernie Sanders badala ya Hillary Clinton? Clinton alijipatia wajumbe 232, tukiwaacha kando wale wachache walioasi siku ya wajumbe kupiga kura. Michigan ilimponyoka kwa kura zisizofika 11,000, na Wisconsin kwa kura zisizofika 23,000, nayo ni majimbo mawili ambayo Sanders alikuwa amemshinda katika kura za mchujo. Nikayageuza yote mawili kuwa ya bluu, moja wakati huo lilikuwa na wajumbe 16 na jingine 10, na jumla ikagota 258. Bila Pennsylvania na wajumbe wake 20 wa wakati huo, Sanders hafiki, na huko mchujo alishinda Clinton. Anayeapa kwamba Sanders angeshinda bila wasiwasi hana budi kueleza kwanza wapiga kura wa jimbo hilo wangemwendea kwa sababu gani.

Tuseme wangemwendea, hesabu ifike 278. Hapo nikaigusa Virginia, jambo ambalo mashabiki wengi wa Sanders hawalifanyi. Katika mchujo wa jimbo hilo Clinton alimwacha Sanders mbali sana, na mgombea mwenza wake, Tim Kaine, alikuwa seneta wa hapo hapo aliyewahi pia kuwa gavana; hakuna sababu ya kudhani kwamba Sanders naye angemchagua. Virginia ina wajumbe 13. Mguso mmoja tu, 278 ikashuka hadi 265, na Trump akaingia Ikulu.

Kasoro ya chombo hiki, ambayo ni ya kila ramani ya aina yake, ni kwamba kila jimbo linasimama peke yake. Ukiigeuza Michigan, Wisconsin haitikisiki, ilhali mgombea anayewavuta wafanyakazi wa viwanda upande mmoja wa Ziwa Michigan hawezi kukosa kuwagusa wa upande wa pili. Wala ramani haiwezi kujua kama Michael Bloomberg, bilionea na meya wa zamani wa New York aliyefikiria kugombea kama mgombea huru kisha akatangaza Machi 2016 kwamba hatagombea, angebaki nyumbani iwapo uteuzi ungeelekea kwa Sanders. Rangi unaziweka wewe. Tovuti inajumlisha tu, na kwa kujumlisha haina mpinzani kwangu.

Ninaipendekeza, hasa kwa mwalimu wa uraia anayehangaika kueleza jinsi Clinton alivyopata kura za wananchi zaidi ya milioni 2 kumzidi Trump na bado akashindwa. Anayemjaribu mgombea wake aanze na majimbo ambayo huyo angeyapoteza, ndipo aende kwenye yale ambayo angeyapata. New Hampshire, ambayo Clinton aliinyakua kwa kura zisizofika 3,000, mimi niliiacha bluu, maana inapakana na Vermont kwao Sanders. Virginia niligeuza mara tatu na bado sijaridhika.