Uzoefu wangu: matembezi ya hisani kuchangia utafiti wa selimundu

Nilijiunga na matembezi haya kwa sababu ya mpwa wangu, aliyezaliwa na selimundu, ugonjwa wa kurithi unaofanya chembe nyekundu za damu zipinde kama mundu. Tuliunda timu ya ndugu, majirani na marafiki zake, na ningeshiriki tena bila kusita.

Usajili hauna shida. Nahodha anafungua ukurasa wa timu, kila mmoja anajaza fomu na kuweka lengo lake la mchango, halafu mnaona pesa zinavyoingia. Kazi hasa ni kuomba, maana watu huuliza maswali, na ni haki yao. Wengi walitaka kujua utafiti wa nini tena wakati dawa zipo. Nikawaeleza kwamba daktari James Herrick aliandika kuhusu chembe hizi zilizopinda mwaka 1910, lakini haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu, iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya ugonjwa huu mwaka 1998, tena kwa watu wazima tu wakati huo. Mwishoni mwa 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba inayohariri jeni za mgonjwa mwenyewe. Ni hatua kubwa mno! Ila mgonjwa hulazimika kwanza kupewa dawa kali za kuteketeza uboho wake, na gharama yake familia nyingi haziwezi hata kuiota. Tiba nyepesi na nafuu bado inatafutwa, na hapo ndipo mchango unapohitajika. Nilipolieleza hivyo, hata waliokuwa wamekataa walirudi na kuchangia.

Siku yenyewe kulikuwa na njia mbili, ya kilomita 5 na nyingine fupi. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba waandaaji wanaujua ugonjwa. Upungufu wa maji mwilini, baridi na uchovu vinaweza kuamsha maumivu makali, kwa hiyo vituo vya maji vilikuwa karibu karibu, viti vya kupumzikia vilikuwepo, na wauguzi walipita wakiangalia watu. Hakuna aliyeshindana na saa. Sisi tulichukua njia fupi na kufuata mwendo wa mpwa wangu: akisimama, tunasimama, akinywa maji, nasi tunakunywa. Katikati ya umati ule alikutana na vijana wengine wenye selimundu, wakaanza kuulizana habari za dawa, za kuongezewa damu, za walimu wasioamini kwamba mtu anaumwa. Sijawahi kumwona akizungumza hivyo nyumbani, na kwangu mimi hilo peke yake lilitosha.

Mawili yarekebishwe. Fulana walipewa waliofikia lengo la mchango tu, na watoto waliotembea kwa bidii wakakosa. Hilo halikunipendeza hata kidogo. Pili, taarifa ya sehemu gani ya pesa inakwenda kwenye utafiti haikuwekwa wazi. Nahodha wetu aliandika kuuliza, na jibu lilikuja likiwa na maelezo ya kuridhisha, lakini jambo kama hilo lilipaswa kuonekana kabla mtu hajatoa senti.

Ukitaka kujiunga, anza kuchangisha mapema, kwa kuwa siku za mwisho kila mtu anaombwa na kila mtu. Na kama timu yako ina mgonjwa, azungumze kwanza na daktari wake kuhusu umbali anaoumudu, kisha wengine wote mpange mwendo kulingana na jibu hilo.