Banda la nguruwe la mbao la kuinuliwa: linamfaa nani Nyanda za Juu Kusini

Banda linaloagizwa sana kwa mafundi seremala wa Mafinga, Makambako na pembezoni mwa Mbeya mjini linajulikana: nguzo za mlingoti (mkaratusi), sakafu ya mbao za paini iliyoinuliwa kutoka ardhini, kuta za mabanzi, bati juu. Huuzwa likiwa zima, kazi na vifaa pamoja, na muuzaji atakwambia linafaa kwa nguruwe wa kila umri. Hapo ndipo tunapoachana naye. Kwa nguruwe wa kunenepesha, kuanzia kilo 25 hadi wa kuchinjwa, ni banda zuri na linastahili hela yake. Kwa jike anayezaa, likijengwa kama lilivyozoeleka, halifai. Kwa dume tusipoteze maneno: mnyama wa kilo 200 anayepanda jike anahitaji sakafu ya zege.

Uzuri wake uko kwenye ukavu. Rungwe mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na banda la udongo hugeuka tope ambalo nguruwe analala ndani yake, anakula ndani yake, na minyoo inamrudia kila siku. Sakafu yenye nafasi kati ya mbao hupitisha mkojo na kinyesi papo hapo, kwato zinabaki kavu, na kazi ya kufagia inapungua sana. Kumfungia nguruwe juu pia kunamzuia kuzurura na kula kinyesi cha binadamu, njia inayompa lava wa tegu, ugonjwa unaojulikana vizuri Mbozi na Mbeya vijijini. Choo cha nyumbani kikiwa hakitumiki, hata hivyo, banda peke yake halitamaliza tatizo.

Sasa sakafu yenyewe, maana hapa ndipo mafundi wengi wanapobana matumizi. Wengine hulaza mbao za 1x8. Hizo hubonyea katikati na kupasuka nguruwe wakifika kilo 70. Dai 2x3 zilizosimamishwa, yaani inchi 3 ziende chini na inchi 2 ndizo zikanyagwe, juu ya boriti za 2x6 zilizopangwa kila sentimita 60. Nafasi kati ya mbao iwe sentimita 2 kwa wanaonenepeshwa, na 1 hadi 1.5 kwa walioachishwa kunyonya. Mbao ikiwa mbichi, nafasi hiyo itapanuka milimita chache ikikauka, kwa hiyo fundi anayepigilia mbao iliyotoka kiwandani jana anakupimia kipimo ambacho hakitakuwepo baada ya miezi miwili. Misumari nayo: ya inchi 4 haishiki. Inapita inchi 3 za mbao na kubakiza inchi 1 tu ndani ya boriti, halafu mbao ikikauka kichwa kinachomoza na kuchana kwato na matiti. Tumia ya inchi 5, au 6 kama mbao haipasuki.

Usikubali mbao za sakafu na kuta zilizotiwa dawa ya kijani, ile ya nguzo za umeme. Nguruwe hutafuna kila kinachofikika mdomoni, na dawa hiyo ina arseniki. Oili chafu nayo tusingeipaka mahali wanapotafuna. Ipakwe kwenye sehemu za nguzo zinazozama ardhini. Paini isiyo na dawa itaoza mapema pale mkojo unapotuama, hasa kwenye maungio ya boriti, kwa hiyo hesabu kubadilisha baadhi ya mbao za sakafu kila baada ya miaka michache. Mlingoti mkavu unadumu zaidi, ila ukipigiliwa bila kutobolewa kwanza unapasuka.

Kimo kutoka ardhini ndicho kinachopunjwa zaidi. Sentimita 40 zinaokoa nguzo, lakini koleo haliingii, kinyesi kinarundikana hadi kugusa sakafu, na harufu ya amonia inapanda moja kwa moja puani mwa nguruwe. Tunataka sentimita 80. Chini yake kuwe na zege jembamba lenye mteremko wa sentimita 4 kwa kila mita, likimwaga kwenye mtaro na shimo. Kisha zungushia wavu au mabanzi, maana kuku, mbwa na nguruwe wa jirani hupenda kupita humo.

Kuhusu kujaza: nguruwe wa kilo 60 hadi 100 anahitaji mita 1 ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinachukua 9. Fundi akikuambia 15, anauza mbao, hafugi. Kwenye hori kila mmoja apate sentimita 30 za kulia, la sivyo wadogo wanabaki wadogo.

Baridi ndiyo inayotufanya tukatae banda hili kwa uzazi. Makete, Njombe na Uporoto, usiku wa Juni na Julai ni baridi kali, na sakafu yenye nafasi huleta upepo kutoka chini, palepale kitoto kinapolala. Kitoto kilichozaliwa leo kinataka joto la nyuzi 32 hadi 34, wakati mama yake anaridhika na 18. Kikikosa, kinamsogelea mama, na mama akilala kinabanwa. Jike apewe chumba cha mita 2.5 kwa 3, sakafu ngumu isiyo na nafasi, bomba au mlingoti wa kumzuia asiegemee ukuta, uwekwe sentimita 20 hadi 25 kutoka ukutani na kimo hichohicho kutoka sakafuni, na pembeni sanduku lenye kifuniko na maranda makavu, mlango wake upana wa sentimita 25 ili watoto tu ndio wapite. Maranda Mafinga hayakosekani. Mbarali kuna maganda ya mpunga. Jiko la mkaa ndani ya banda la mbao ni mwaliko wa moto, na moshi wake unaua kimyakimya.

Mwelekeo wa banda hauongezi gharama yoyote, na bado hupuuzwa. Urefu uende mashariki hadi magharibi, upande wa wazi utazame kaskazini. Kipupwe jua liko kaskazini, kwa hiyo linaingia ndani, na ukuta uliozibwa wa kusini unakinga upepo unaotoka kusini-mashariki. Mwezi wa Desemba jua liko juu ya bati, linabaki nje. Paa litokeze sentimita 60 au zaidi, vinginevyo mvua ya Tukuyu itaingia hadi kwenye hori.

Mlango ukaguliwe kabla ya malipo ya mwisho. Nguruwe hatoboi mlango, anauinua kwa pua. Bawaba ya juu igeuzwe ili pini isichomoke, na komeo liwe moja juu na lingine chini.

Kuna muuzaji anayedai banda la kuinuliwa haliingiliwi na homa ya nguruwe. Si kweli. Ugonjwa huo hauna tiba, na unafika kwa makombo yenye nyama ya nguruwe, viatu, dume la kuazima na gari la mnunuzi. Mbao zenye nyufa zinaweza hata kuficha papasi, ambao nao hubeba virusi, hivyo ziba nyufa na upake chokaa.

Tungeagiza hivi: vyumba vya kunenepesha vya mbao, na kando yake chumba cha uzazi na cha dume vya zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unene wa sentimita 8 juu ya mawe yaliyoshindiliwa, limwagiliwe siku 7, likwaruzwe kwa fagio badala ya kulainishwa kwa mwiko, na pembe ya kulalia iwekwe jukwaa la mbao linaloweza kutolewa na kuanikwa juani. Lipa fundi nusu mwanzoni, na nusu iliyobaki baada ya kusimama watu wanne katikati ya sakafu na kuona kama inabonyea.